Yule Mtu Asiyetazama Mpira

Jumapili, 16 Februari

Kwako Dada Odile. Natumai u mzima na huo mgongo umepoa. Msalimie shemeji Percy, mwambie boti yake nimeifunika turubai na mvua haijaingia. Msalimie mwanetu Noella, apumzike, asianze kunyanyua ndoo kwa kujitia nguvu. Wabusu mapacha, Josie kwanza halafu Jules, maana nasikia Josie ndiye aliyetangulia kuzaliwa na ndiye mwenye wivu. Mkweo Trent naye msalimie, ingawa hakuniaga. Huku kwetu Baba Landry anakusalimu kutoka kwenye mtambo wa mafuta baharini, amebakiza siku tisa arudi. Mama mkwe Eula anakusalimu, masikio yake ni yale yale, anasikia asichotakiwa tu. Celie wetu mdogo anakusalimu na anauliza kama watoto pacha huota ndoto moja. Landry anakusalimu, anasema amekumisi wewe na mayai yako ya asubuhi. Paka wako yeye ananisalimia kwa kucha.

Uliponipa daftari hili ulisema niandike badala ya kupiga simu watoto wakiwa wamelala. Basi nitaandika, na msimu wa besiboli ukiisha nitakutumia lote. Ukikuta makosa, kumbuka niliachia shule darasa la nane, na tangu hapo vidole vyangu vinajua kumenya kamba kiwandani kuliko kushika kalamu.

Nyumba yako hapo Pont Noir iko salama. Kuhusu ile anwani: shuleni bado wanajua Landry analala kwako. Ulipokuwepo ilikuwa kweli, Jumatatu hadi Ijumaa. Tangu ulipoondoka tarehe 12 Januari kwenda kumsaidia Noella na mapacha, analala kwetu Anse Grise, ng'ambo ya mto, ambako si eneo la shule yao. Nilitaka kwenda kuwaambia. Halafu nikafikiri, ni miezi minne tu, ni mwaka wake wa mwisho, na shule ya huku kwetu uwanja wake ng'ombe ndio wanaoutumia zaidi. Hakuna kocha wa chuo atakayepotea njia afike huko. Na bila kocha wa chuo, Landry atamfuata baba yake kwenye mtambo, na mimi nitakuwa na wawili wa kuwaombea badala ya mmoja.

Sitaandika tena juu ya hilo.

Jumanne, 18 Februari

Mchezo wa kwanza. Tumeshinda. Landry alidaka vizuri. Mara moja alirusha mpira ukapita juu ya kichwa cha mwenzake wa kituo cha pili, akajigonga kifua na kuinua mkono juu, kama afanyavyo siku zote, ili watu wasimlaumu mwenzake.

Ijumaa, 21 Februari

Leo nimekaa na Darlene Fuselier, mama yake Cade, mrushaji wetu. Unamjua Darlene, habari za msiba anazo kabla ya mgonjwa kuzidiwa. Alinieleza makocha wa vyuo wanatafuta nini. Mrushaji wanampima kasi kwa kile kidude kama cha trafiki. Mpigaji wanamtazama mabega na miguu. Mdakaji kama Landry wanamhesabia sekunde, mpira ukitoka kwenye glavu yake hadi ufike kituo cha pili. Wanakaa nyuma ya wavu na kofia za vyuo vyao kichwani, huwezi kuwakosa. Leo walikuwepo wawili. Wote walikuja kwa ajili ya Cade.

Palikuwa na wa tatu ambaye sikumwelewa. Mzee mrefu, kofia ya kijani isiyo na maandishi, kakaa peke yake kwenye kiti cha kukunja, pembeni kabisa, mahali ambapo uwanja unauona nusu lakini benchi la vijana wetu unaliona lote. Mpira ukiwa hewani yeye anatazama benchi. Watu wakisimama kushangilia yeye haangalii kilichoshangiliwa. Halafu, wakati hakuna kinachotokea, vijana wanabadilishana zamu tu, anatoa kijidaftari na kuandika.

Mtu anakuja kwenye besiboli hatazami mpira. Nikamwonyesha Darlene. Akasema, "Shoga, labda mkewe kamfukuza nyumbani." Nikacheka. Lakini sikuacha kumwangalia.

Jumanne, 25 Februari

Mvua. Hakuna mchezo. Kamba wa mwaka huu wadogo, ganda gumu, vidole vimepasuka.

Ijumaa, 28 Februari

Yupo tena, kofia ile ile. Mchezo ulipokwisha watu wakaondoka, Landry akabaki kusawazisha udongo kwa reki na kuzoa maji ya kidimbwi kwa sponji, kama baba yake alivyomfundisha. Mzee hakuondoka. Kakaa anamtazama kijana anayezoa matope. Mimi nikiwa garini nimemtazama yeye. Landry alipokuja na begi lake begani na kiti changu mkononi, nikamuuliza kama anamjua yule mtu. Akasema, "Mtu gani?"

Jumanne, 4 Machi

Mardi Gras, kesho ni Jumatano ya Majivu. Celie ndiye aliyekuta kidoli cha bahati kwenye kipande chake cha keki ya sikukuu, kwa hiyo keki ya mwakani ni juu yetu. Kwenye maandamano nilikuwa natafuta kofia ya kijani badala ya kutazama magari yaliyopambwa.

Ijumaa, 7 Machi

Dada, yule mzee anatutafuta sisi.

Babu anayekata tiketi getini aliniambia kwamba yule mzee alimuuliza ni yupi mama yake Landry Guidroz. Babu akamwonyesha kwa kidole. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu aliulizwa.

Nikarudi kukaa. Darlene, bila kujua kitu, akaanza hadithi ya shule ya Coteau Vert. Anasema mwaka jana walinyang'anywa ushindi wa msimu mzima kwa sababu kijana mmoja alitumia anwani ya shangazi yake. Chama cha michezo ya shule kilituma mtu. Huyo mtu hakuuliza maswali. Alikuja kwenye michezo kama mshabiki, akakaa pembeni, akaandika. Halafu asubuhi akapaki mbele ya nyumba ya shangazi na kuhesabu viatu vilivyoko barazani.

Nikatazama kule pembeni. Mzee alikuwa ananitazama mimi. Aliigusa kofia yake kidogo, kama kusalimia. Nikageuza uso.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri tangu nilipoamka. Nimekwenda kwako, nikapanga buti za zamani za Landry barazani, jozi mbili, na fulana yake kwenye kamba ya nguo. Taa ya sebuleni nimeiwekea kile kifaa cha kuiwasha yenyewe jioni. Kisha nikamkalisha Landry, nikamwambia kuanzia sasa mchezo ukiisha atembee kwa miguu hadi kwako Mtaa wa Pacane, ni hatua mia nne tu, aingie kwa mlango wa mbele, atokee nyuma, nami nitamchukua kwenye njia ya mfereji.

Akanitazama kama nimeugua. "Kwa hiyo nijifanye naishi nyumba tupu?"

"Si tupu. Ina vitu vya mama yako mkubwa."

"Na begi?"

Nilikuwa nimeshalifikiria. Begi la mdakaji lina kinga za miguu, za kifua, kofia ya chuma, magongo, mzigo kama mtoto wa miaka saba. Mtu anayekaa hatua mia nne hapati shida nalo, lakini Landry ilibidi apite uani kwako na kuruka ule uzio.

"Begi nitalibeba mimi hadi garini. Wewe uende mikono mitupu."

"Mama, begi langu sijampa mtu tangu nina miaka tisa."

"Basi utanipa mimi. Mimi si mtu, ni mama yako."

Alikwenda kwenye ukuta wa banda kurusha mpira, nikausikia ukigonga hadi chakula kikapoa.

Jumanne, 11 Machi

Tumeanza. Mchezo ulipokwisha nilikwenda mwenyewe hadi kwenye benchi nikalichukua begi. Vijana wawili wakacheka. Landry alishuka barabarani kichwa chini. Mzee alinitazama nikiliburuta lile begi hadi garini, kisha akaandika. Mistari mitatu au minne. Nikajisemea, vizuri, andika hivyo hivyo, kijana anatembea kwenda kwao Mtaa wa Pacane.

Ijumaa, 14 Machi

Hivyo hivyo. Begi mimi, Landry kwa miguu. Mzee aliinuka kama anayetaka kuja upande wangu, nikaharakisha, nikasahau hata kiti changu uwanjani.

Jumanne, 18 Machi

Hivyo hivyo. Aliandika tena.

Namba nisiyoijua imenipigia mara mbili kazini. Sipokei namba nisizozijua.

Alhamisi, 20 Machi

Nani amesema? Naliuliza swali hili nikiwa namenya, naliuliza nikiwa kanisani. Kocha Rabalais wa shule leo alinisalimia kwa kucheka sana, na si kawaida yake. Jirani yako Bi Ozema alikuwa dirishani nilipokuja kumlisha paka. Na Darlene. Kwa nini alinipa ile hadithi ya Coteau Vert siku ile ile? Kati ya hadithi zote alizonazo? Cade anatazamwa na makocha, na labda wanapomtazama Cade macho yanateleza kwa anayemdakia. Labda hapendi.

Najua aliniletea mchuzi siku zile nilipolazwa. Nalijua hilo. Bado nimehama pale tunapokaa, nikasema jua linaniumiza macho. Lilikuwa wingu.

Nimempigia Baba Landry huko mtamboni. Alisema, "Verna, lala." Saa nane mchana ananiambia nilale.

Jumanne, 25 Machi

Hii ndiyo siku mbaya kuliko zote, nitaiandika taratibu.

Vituo vyote vitatu vilikuwa na watu wetu, zamu ya Landry kupiga. Akakosa mara tatu, akatolewa. Kukosa si ajabu, hata wakubwa hukosa. Lakini aliporudi alilipiga benchi kwa gongo. Zamu iliyofuata akarusha mpira ovyo ukaenda hadi nyasini, wapinzani wakapata alama mbili, na mwenzake wa kituo cha pili akazomewa. Nilingoja Landry ainue mkono. Hakuinua. Alijirekebishia kinga za miguu kana kwamba si yeye.

Nikashuka na chupa ya maji hadi kwenye wavu. Nikamwita. Akageuka, akaniambia mbele ya watu wote, "Mama, niache basi, kila mahali upo wewe."

Mwanangu hajawahi kunijibu hivyo. Hata alipokuwa na meno yanamuuma.

Nilipogeuka, mzee yule alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Hakuwa anacheka. Aliandika kwa muda mrefu, akafunga daftari, akakunja kiti chake kabla mchezo haujaisha.

Nyumbani Landry aliosha vyombo vyote bila kuambiwa. Ndiyo njia yake ya kuomba radhi. Nami nilipangusa meza iliyokuwa safi.

Ijumaa, 28 Machi

Amekuja nyumbani kwako, Dada.

Nilikuwa jikoni namwagilia maua yako kabla ya mchezo. Gari likasimama. Nikachungulia kwenye pazia, kofia ya kijani. Alipanda ngazi, akatazama zile buti barazani. Nakuapia alizitazama. Akagonga. Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji, mkono kwenye mdomo wa paka wako ambaye alichagua wakati huo kulia. Akagonga tena, akangoja, kisha nikasikia karatasi ikipita chini ya mlango.

Alipoondoka nilitambaa kuiokota. Bahasha nyeupe, haina stempu, imeandikwa kwa kalamu: Kwa Mama yake Landry Guidroz.

Sikuifungua. Unakumbuka baba alivyokuwa akisema, karatasi ya wakubwa ukiifungua umeshaipokea, na ukishaipokea unadaiwa jibu. Yeye aliziweka zote juu ya kabati na hakuna aliyekuja kumfunga. Nimeipeleka nyumbani nikaitia ndani ya debe la mchele, chini kabisa. Landry sijamwambia.

Jumanne, 1 Aprili

Mzee hakuja.

Jumamosi, 5 Aprili

Hakuja. Baba Landry yuko nyumbani, alikwenda nami mchezoni. Nilimwonyesha mahali ambapo mzee hukaa. Akaona nyasi tu. Nilipika wali, nikachota kutoka juu juu.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuja. Ilinipasa kufurahi. Begi bado nalibeba, kwa sababu sijui nani mwingine anatazama.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumeshinda mara ya kumi na moja. Cade amepata barua mbili za vyuo, anazo mfukoni, anazionyesha hadi kwa muuza barafu. Landry nimemsikia akimuuliza baba yake kama kwenye mtambo wanapokea vijana kuanzia Juni au Julai. Baba Landry alisema Juni. Akasema kwa sauti ya chini, na baadaye nilimkuta amesimama kwenye banda anatazama alama za mpira ukutani.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Darlene amekuja na gunia la kamba hai, kaliburuta hadi jikoni kwangu bila hodi. Kiwanda kimefungwa leo, lakini Ijumaa Kuu bila kamba si Ijumaa Kuu, hilo halijabadilika. Akaweka sufuria, akamwaga pilipili, akasimama mkono kiunoni.

"Mama Landry, nimekukosea nini? Wiki nne unanikimbia kama nina upele."

Nikasema jua.

"Jua gani? Umekaa chini ya ubao wa matangazo, hata mbu wanawasha tochi huko."

Nikataka kucheka nikashindwa. Nikamuuliza ana kwa ana kama alimwambia mtu yeyote juu ya mahali Landry anapolala. Darlene akakaa. Akasema, "Kwani analala wapi?" Na uso wake, Dada, ulikuwa uso wa mtu asiyejua kabisa. Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikawa nimemwambia.

Darlene akarudi kwenye sufuria. Alikoroga. Kisha akasema, "Mimi nilidhani umenuna kwa sababu ya yule mzee Strode. Kwamba alimtaka wako ukakataa, na wangu hakumtaka."

Nikauliza Strode ndiye nani.

"Yule wa kofia ya kijani. Kocha wa chuo kile cha miaka miwili, Red Hollow, huko kaskazini. Jumanne nilimkuta kwenye kituo cha mafuta. Anasema alimwachia mama yake Landry barua na hakupata hata neno."

Nilimwaga debe lote la mchele sakafuni. Darlene akaniangalia nikichakura kama kuku.

Unajua nasoma polepole, kwa kidole. Nimeinakili hapa ili uisome ilivyo:

"Mama Guidroz. Mimi ni Lemuel Strode, kocha wa besiboli. Kocha Rabalais amenipa anwani yako, nami nimemwomba anyamaze ili kijana asianze kucheza kwa ajili ya macho yangu. Habari za mkono wake ninazo, wako wavulana wengi wenye mkono kama huo. Nilikuja kutazama mengine. Nimemwona akiinua mkono kukubali kosa kabla mtu hajauliza ni la nani. Nimemwona akizoa matope uwanja ukiwa mtupu. Nimemwona akibeba begi lake na kiti chako. Siku hizi begi unambebea wewe, anakujibu vibaya, na mkono hainui. Kijana hageuki hivyo bila sababu, na nataka kuisikia kabla sijafuta jina lake. Njoo naye Red Hollow Jumamosi tarehe 12 Aprili, acheze nimwone. Huwa namwandikia mama kwanza. Kijana humkubalia yeyote."

Tarehe 12 ilikuwa wiki iliyopita.

Darlene aliokota mchele nami, punje kwa punje, hadi kamba wakaiva kupita kiasi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimempa Landry barua. Aliisoma mara mbili, mara moja kwa mdomo. Nilingoja anigombeze. Alisema tu, "Aliniona nikizoa matope," kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Nikaenda kukaa naye. Nikamwambia kosa lote ni langu. Akasema, "Siku ile ya mpira wa nyasini hukurusha wewe."

Tukapiga namba iliyoandikwa nyuma ya barua. Ndiyo ile iliyonipigia kazini. Mzee Strode ana sauti ya taratibu. Alisema hiyo Jumamosi ilipita na vijana wengine walikuja, lakini jina hajalifuta bado, ana uvivu wa kufuta. Kisha akauliza, "Mama, kwa nini aliacha kubeba begi?"

Ningeweza kusema bega linamuuma. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini bega bovu ndilo lingemwondoa kabisa, na ukweli ungemwondoa pia. Nikamwambia hilo si la kusemwa kwenye simu. Akasema Jumanne atakuja.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Misa. Nimemwombea kila mtu, hata Bi Ozema.

Jumanne, 22 Aprili

Nilimfuata mwenyewe hadi kwenye kiti chake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: wewe kuondoka Januari, Anse Grise, buti barazani, taa inayojiwasha, mlango wa nyuma, na mimi sakafuni na paka. Hapo kwenye paka aliuma mdomo asicheke. Nilimwambia nilidhani yeye ni wa chama cha michezo, na kwamba kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi.

Alifunga kijidaftari, akakitia mfukoni. "Miaka thelathini nawatazama akina mama," akasema. "Mama akimbebea kijana begi, najua nitakuwa namlea mimi. Wewe nilikuwa nimeshakuandika hivyo. Niliandika vibaya."

Nikauliza basi sasa itakuwaje.

"Hayo ya anwani si yangu kuyapeleka kokote. Lakini nimeshayasikia, siwezi kujifanya sijayasikia. Nitarudi Jumamosi. Nataka tu kuona kama kuna mtu ameinua mkono."

Garini nilimweleza Landry. Hakuuliza mkono gani. Alisema, "Kesho asubuhi, kabla ya darasa la kwanza." Na begi alikuwa nalo magotini, sikumwona hata alipolichukua.

Jumatano, 23 Aprili

Tumekwenda wote wawili kwa mwalimu mkuu, na Kocha Rabalais akaitwa. Landry alizungumza mwenyewe. Rabalais alikaa ameshika kichwa. Ushindi kumi na moja, na mechi za mtoano zinaanza wiki ijayo.

Mwalimu mkuu alisema Landry asicheze hadi chama kiamue, na kwamba anahitaji barua ya mwenye nyumba, iliyotiwa sahihi, iseme kijana alilala pale kuanzia lini hadi lini, imfikie kabla ya Ijumaa tarehe 2 Mei. Kisha akatazama dirishani akasema taratibu, "Barua ikisema alilala pale msimu mzima, mimi sina la kuongeza."

Rabalais aliinua kichwa. Dada, nilikuona wewe hapo hapo, na kalamu, ukiandika kila nitakachokuomba.

Landry akasema, "Mama mkubwa ataandika siku aliyoondoka."

Jumamosi, 26 Aprili

Landry alikaa benchi amevaa sare yake, bila kucheza. Mdakaji wa akiba ni mdogo, anaogopa mpira, na kila zamu Landry alimfunga kamba za kinga na kumnong'oneza. Tumefungwa tisa kwa mbili. Darlene alikaa upande wa pili wa uwanja, hakuniangalia. Ana haki, ushindi huo ulikuwa wa Cade pia. Nimeutazama mgongo wake mchezo mzima na sikuhisi kwamba una siri yoyote. Umenuna tu, kama migongo ya watu.

Mzee alikuwa pembeni, kofia ya kijani. Sikuhesabu mara alizoandika.

Watu walipoondoka Landry alichukua reki. Mdakaji mdogo akachukua nyingine. Walipomaliza, mzee alikunja kiti, akapita kwenye geti, akampa Landry bahasha nyeupe. Landry akanipa mimi. "Fungua, Mama. Hapa hapa."

Nikaifungua nimesimama, mbele ya babu wa tiketi. Ni mwaliko ule ule wa kwenda Red Hollow ili amwone Landry akicheza, mfupi zaidi, tarehe tu ndiyo mpya: Jumamosi, 3 Mei. Chini ameandika kwa kalamu, "Aje na begi lake." Si ahadi ya nafasi, alisema hivyo mwenyewe, mara mbili, ili nisielewe vibaya. Ni siku ya kwenda.

Sasa Dada, daftari hili linaondoka kesho kutwa asubuhi kwa posta ya haraka, limebeba ombi moja. Andika ile barua ya mwalimu mkuu. Sema Landry aliondoka kwako tarehe 12 Januari, siku ile ile uliyoondoka wewe. Najua moyo wako, najua ungependa kunisaidia, lakini usiniongezee hata siku moja. Tia sahihi, mpe shemeji Percy aikimbize posta kwa njia ile ile, usingoje mapacha walale. Na kwangu mimi andika pia, upesi, hata kama ni kunigombeza. Nitaifungua hapo hapo mlangoni.

Mdogo wako, Verna